Siku Mzee Mutinda Alipoizima Programu Yake

Baada ya miaka ishirini na mmoja ya kazi, Bwana Mutinda Kitheka atastaafu rasmi tarehe 30 Novemba 2007. Aliajiriwa na Shirika la Damu la Iveti, hapa Machakos, wakati majina ya wachangiaji bado yaliandikwa kwenye kadi. Ndiye aliyeyaingiza kwenye kompyuta, na ndiye aliyetuhakikishia sisi wengine kwamba kompyuta haiumi.

Mzee hali chakula asichokipika. Hata harusini hubeba muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Katika programu alikuwa vivyo hivyo. Tulipohamia Java mwaka 1999, lugha hiyo ya kuandikia programu ilikuja na maktaba yake: mbinu zilizo tayari za kupanga, kutafuta na kulinganisha, unaziita kwa jina tu zinafanya kazi. Hakuzitaka. Aliihamisha mbinu yake ya kupanga, aliyoiandika ujanani, mstari kwa mstari. Tulimtania sana, naye akasema hawezi kuamini msimbo, yaani maandishi ya programu, ambao hajui ulizaliwa wapi.

Kwa miaka mitatu hakuna aliyekuwa na sababu ya kumbishia. Halafu, wiki ile ile tulipounganisha majina ya Kathiani, Kithimani na Masinga, hospitali ilipiga simu kabla ya adhuhuri. Mama mmoja aitwaye Kanini alikuwa amejifungua na damu haikatiki. Kundi lake lilikuwa O hasi, ambalo ni adimu, na mfuko uliobaki ulikuwa mmoja. Daktari alisema wazi kwamba bila mchangiaji hatafika jioni.

Programu ya Mzee ilikuwa na tabia moja: haikuonyesha jina lolote mpaka imalize kuyapanga yote, aliyekaa muda mrefu bila kuchangia akitangulia. Majina yalipokuwa machache hatukuona tatizo. Sasa yalikuwa maelfu kwa maelfu, na kompyuta ilikaa kimya. Mzee alisema tungoje kidogo, inakaribia. Simu ikalia tena. Kadi za zamani zilikuwa stoo ndani ya magunia, zimechanganyika. Tuliogopa, na hakuna aliyetaka kumwambia.

Wendy Ndinda, aliyekuwa na miezi michache kazini, ndiye aliyethubutu.

"Mzee, kupanga iko tayari kwa maktaba ya Java. Ni laini moja tu. Lakini lazima tuzime hii."

Kuzima kulimaanisha kupoteza yote yaliyokwisha kupangwa. Na kama ilikuwa imebakiza dakika chache tu? Mzee aliitazama skrini. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Zima. Wacha niaibike. Huyu mama asikufe juu ya kiburi yangu."

Aliufuta msimbo wake mwenyewe, na Wendy akaandika ile laini. Orodha ilitokea kabla hatujavuta kiti. Wa kwanza wa O hasi alikuwa Bile, mfanyabiashara wa mbuzi hapa mjini. Tulimpigia simu, akamwacha mteja sokoni akaja mbio. Kanini akapona.

Tangu hapo Mzee amewafunza vijana maktaba nzima, mbinu moja moja, akisisitiza waielewe kabla ya kuitumia. Karibu kila anayeandika programu hapa amepitia mikononi mwake.

Lakini kuna jambo ambalo kwa muda mrefu hakuliuliza. Wendy alikuwa amehifadhi nakala ya mbinu ile ya zamani, na baadaye akaijaribu kwa majina yale yale aone ingemaliza lini. Mzee alijua, na kwa miaka mitano aliyakwepa mazungumzo hayo. Wiki jana, akifungasha vitu vyake, alimuuliza. Wendy alimjibu polepole, "Mzee, ingemaliza giza ikiwa imeingia."

Aliketi, akavua miwani, akalia mbele yetu. Nasi tukalia naye.

Asante, Mzee, kwa kila jina ulilotuwekea mahali pake. Nenda ukalime Kathiani ukiwa na afya, na Mungu akuzidishie siku. Ijumaa, siku ya kukuaga, kabla ya hotuba zote, Kanini ameomba akushike mkono, na anakuja na binti yake aliyezaliwa siku ile.