Mwanga Uliogoma Dukani kwa Mbithe

Benchi letu liko ndani ya duka la Mbithe hapa Voi, karibu na mlango, uso kwa uso na mashine yake ya laser inayochonga majina kwenye vibao vya chuma. Zamani, yaani wiki jana, tulikuwa tunakunywa kahawa tukiutazama mwanga ukidunda nyuma ya kioo cheusi cha kifuniko, mpaka mtu anasahau kikombe mkononi. Jumatatu stima zikapotea. Ziliporudi, mashine ikagoma. Leo Alhamisi Mbithe ameniambia, "Kiema, ukiifufua kabla ya saa kumi, kazi ni yako. Ukishindwa, naita fundi wa Mombasa." Miaka minne tangu graduation, degree ya elektroniki, second upper, na hii ndiyo interview yangu ya kwanza. Kwenye benchi.

— Engineer, bado tu? akauliza Injini, yaani mzee Wesonga, aliyestaafu reli lakini kofia akakataa kurudisha.

— Bado, mzee. Na hilo jina la Engineer unalisema kama tusi.

— Mwanga umechoka huo. Hata treni ilikuwa inapumzika hapa Voi.

— Mwanga hauchoki! Sikiza. Kule Sagalla bomba linatoa maji kama jasho, sindio? Unaweka mtungi, unangoja ujae, halafu unaumwaga wote mara moja. Ndani ya hii mashine kapasita ndiyo mtungi. Pulse ya mwanga ndiyo ule mmwago.

— Na nani anamwaga?

— Control circuit. Inahesabu muda, inafungua swichi, mwanga unatoka, inafunga. Mara elfu ishirini kwa sekunde. Sensa inapima: ukizidi, pulse inayofuata inapunguzwa. Na kitu kisipokaa sawa, iwe joto, iwe feni, iwe mlango, inakunja mikono. Hakuna kumwaga.

— Elfu ishirini! akasema Kitheka wa bodaboda, tunayemwita Satellite, akifumba macho. Basi hizo pulse zinaibwa. Fensi ya stima ya kuzuia ndovu huko mbugani nayo inadunda hivyo hivyo, tik, tik. Ndovu wanakula mwanga wetu, maze.

— Kitheka, ulisomea wapi wewe?

— Sikusoma. Wewe ulisoma, na tumekalia benchi moja.

Hiyo ilinichoma. Nikashika mita nikapima tena. Mtungi umejaa. Saa ya circuit inahesabu. Anayemwaga ndiye amenyamaza, so disciplined, kama karani wa ofisi ya county ukimuuliza kuhusu CV yako. Siku tatu nalala nikiuona ule mwanga, na nikiamka najikuta nimenyoosha kidole.

— Mimi najua uliko, Injini akasema polepole. Umepanda milimani, kule Mghange. Umejifunika ukungu, unalala juu ya kabichi za watu. Siku moja utashuka wenyewe, kila jani liwe na jina.

Nilitaka kumtusi, nikashindwa. Wote tukawa tunayaona hayo majani.

Hapo ndipo alipoingia mama mmoja kutoka Sagalla, vumbi la bodaboda mpaka kwenye leso. Amekuja kuchukua kibao cha msalaba wa marehemu mumewe, kilichokuwa bado kinangoja ndani ya mashine; mazishi ni Jumamosi. Akainamia mashine.

— Mwanangu, hii kamba ni ya nini?

Kamba ya mkonge. Upande mmoja kwenye kifuniko, upande mwingine kwenye msumari wa dari, kifuniko kikiwa wazi kama mdomo wa mwenye usingizi.

Satellite akachunguza helmet yake. Injini akavua kofia. Jumatatu, stima zikiwa zimepotea, tulikubaliana zikirudi tuuone mwanga wenyewe, mtupu, bila kile kioo kinacholinda macho. Fundo ni langu. Siku tatu nimelipita na mita mkononi.

— Mlango, Mbithe akasema kutoka kaunta. Kiema, si umesema mlango wake ukiwa wazi inakunja mikono?

Mama hakungoja jibu. Akafungua fundo, kifuniko kikashuka, tak. Mashine ikavuta pumzi, mwanga ukaanza kudunda nyuma ya kioo cheusi, na herufi ya kwanza ya jina la mumewe ikatokea kwenye chuma. Akaweka mkono kifuani, akaitazama. Na sisi tukaitazama.

Saa ya ukutani ilisema saa tisa na nusu.

— Mama, Mbithe akauliza, macho yake yakiwa kwangu, wewe unatafuta kazi?

Nikainua kikombe. Kahawa ilikuwa imeisha.