Aliyepanda kwa Dakika Tano

Asubuhi ile benchi la juu ya ngazi za Soko la Machungwa, hapo Chongqing, pale Mama Deng anapouzia chai, lilikuwa na watu watatu, na mianzi yao ya kubebea mizigo imeegemezwa ukutani. Pilipili alishawaka kabla ya chai kupoa. Profesa, aliyepata jina hilo kwa kusoma nusu ya kitabu cha fizikia cha mjukuu wake, alikuwa amekodolea macho tangazo la ofisi ya mtaa. Wa tatu, Qin Dagui, waliyemwita Nyumbu, alikaa mkono juu ya goti la kulia. Juma lililopita binti mmoja wa ofisi hiyo, mwenye saa, aliwapima wabebaji wote wanane, mmoja mmoja, kila mtu na mfuko wa saruji wa kilo hamsini, kutoka mtoni hadi hapo juu, mita sitini. Walikuwa wamekula njama: dakika kumi, asiharakishe mtu. Sasa tangazo linasema saba walitumia dakika kumi, na mmoja tano. Jina hakuna.

Profesa: — Kazi ni ileile, bwana. Mfuko uleule, mita zilezile. Ukikimbia, ukitambaa, kazi haibadiliki.

Pilipili: — Sasa noma iko wapi?

Profesa: — Kwenye uwezo. Unachukua kazi, unagawa kwa muda. Dakika kumi, wewe ni wati arobaini na tisa. Taa ya chooni. Dakika tano, wewe ni taa mbili.

Pilipili: — Kwa hiyo huyo msaliti ni watu wawili.

Profesa: — Ndiyo hesabu yao. Mwezi ujao vibali vya kubeba mizigo hapa ni vinne tu, si vinane.

Qin alikunywa chai ikamuunguza ulimi. Alilikumbuka neno moja tu la yule binti. Alipomwambia ana miaka sitini na moja, binti aliandika, akasema kwa upole: "Ukichoka pumzika, babu." Hilo babu ndilo lililompandisha kwa dakika tano.

Pilipili: — Yule binti nilimshuku tangu mwanzo. Anatabasamu na saa mkononi. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Tumepona nini?

Profesa: — Kuna kubwa zaidi. Kitabu kinasema nishati haipotei. Haya, miaka thelathini tunapandisha mizigo. Ya kwetu iko wapi?

Pilipili: — Wameificha.

Profesa: — Iko huko juu. Kila tofali tulilopandisha limekaa nayo.

Pilipili: — Kumbe mji mzima wa juu umesimama juu ya nishati yetu. Ndiyo maana wanatupunguza, tusije tukaidai. Siku moja wataiachia yote kwa mpigo, watauzungusha mtambo wa umeme, nasi tutakuwa tunalipia bili ya jasho letu.

Mama Deng: — Kunyweni chai, nyie. Nyumbu, goti limefanyaje? Limevimba kama andazi.

Qin: — Baridi tu, dada.

Pilipili: — Baridi gani? Tangu Jumatano hujabeba hata kikapu cha mboga.

Qin: — Uzee, ndugu yangu.

Ilimuuma kulisema neno lile kwa mdomo wake mwenyewe.

Profesa: — Jumatano ndiyo walimaliza kupima.

Pilipili: — Nikimjua huyo mtu, namteremsha ngazi zote bila mwanzi. Samaki mmoja akioza...

Hakumaliza. Mwanamume mwenye aproni ya buchani alitokea kwenye ukungu, anahema, amepanda mikono mitupu na bado amelowa jasho.

— Jamani, habari za asubuhi. Nina friji ya nyama huko chini, na nyama haisubiri. Binti wa ofisi kaniambia hapa kuna mzee mmoja anapanda kwa dakika tano. Ni yupi?

Mama Deng aliinamisha birika, likatoa matone mawili. Profesa akatazama mianzi ukutani, ule wa Pilipili, ule wake, kisha ule wa Nyumbu.

Qin aliunyakua mwanzi wake ili ainuke. Goti likakataa. Akajaribu tena, uso umemjaa aibu, akarudi kukaa.

— Ni yupi? — aliuliza tena yule mtu.

Pilipili alilitazama lile goti, akafungua mdomo, akaufunga.