Nusu ya Mbele, Nusu ya Nyuma

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea baina yetu ni kwamba mke wangu Hanifa alinikaripia kwa kuufunga mlango wa gari kwa kishindo. Vioo vya Subaru hilo havina fremu, alisema, mlango wake husukumwa kwa kiganja, haubamizwi. Akanishusha penye lango la shule huko Msambweni, ninakofundisha jiografia, akageuza gari kurudi Ukunda kwenye duka lake la vipuri. Kabla ya adhuhuri alianguka nyuma ya kaunta akiwa ameshika boksi la pedi za breki, na hakuinuka tena.

Benchi la kijiwe chetu limeegemea ukuta wa duka hilo. Duka sasa limefungwa, benchi halijafungwa. Ng'ambo ya uchochoro ni banda la Nzai, fundi wa kuchomelea, ambaye haitwi ila Kilowati. Kila siku baada ya sala ya alasiri hufika Bandari, mzee aliyeendesha malori mpaka akastaafu, na Sanga, dereva wa teksi kutoka bara, ambaye tunamwita Niko Njiani kwa sababu ndivyo anavyowajibu abiria kwenye simu hata akiwa amekaa hapa miguu juu. Muuza kahawa huteleka dele lake juu ya makaa, nasi hunywa mpaka liishe.

Gari la Hanifa lilikuwa mbele yetu, juu ya matofali. Difu lake la kati lilikwisha kwa uzee. Difu hilo ndilo hugawa nguvu ya injini baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na ndilo huyaruhusu yapishane mwendo gari linapokata kona. Kilowati alikuwa amelitoa, akalilaza juu ya gunia. Hatukujaaliwa mtoto, wazazi wa Hanifa walitangulia zamani, na ndugu yake ni mmoja tu, Swabir wa Kinondo. Kwa mirathi, kila kitu ni nusu yangu na nusu yake. Duka na vyombo havikutupa taabu. Gari lilitutaabisha. Swabir alitaka difu lichomelewe, meno yake yagandamane, apate kwenda nalo kwenye mashindano ya barabara za murram kule Kinango. Mimi nilikuwa nimekataa.

— Choma, Kilowati, tukalale, alisema Bandari jioni ile. Umoja ni nguvu. Magurudumu manne, roho moja.

— Sichomi kitu cha watu wawili wasiosikizana, alijibu Kilowati. Huyu aniambia choma, huyu aniambia ngoja. Na hiki chuma, bwana, kikishaonja moto hakirudi kilivyokuwa.

— Ndiyo wakasema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Yahusu nini hiyo, mzee?

— Difu si liko mvunguni mwa gari?

Niko Njiani alicheka peke yake.

— Mimi nawaambia, hiyo ndai ikichomwa difu inakuwa moto. Nairobi maboyi wanachoma kila siku. Wanaingia kona ubavu ubavu, watu wanapiga makofi.

— Na kwenye lami kavu? niliuliza.

— Hapo sasa, Mwalimu, inarukaruka kidogo. Kama mbuzi amefungwa miguu.

Nikawaeleza. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita duara kubwa kuliko ya nyuma. Ukiyalazimisha yazunguke sawasawa, lazima kitu kiumie: tairi, au shafti, au gia. Hili, nilisema, ni gari la mtu wa dukani, la kwenda Diani na kurudi.

— Lilikuwa, shemeji, alisema Swabir.

Alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, kikombe chake hakijaguswa. Ni kijana wa adabu. Hajawahi kunipita bila shikamoo.

— Nakuheshimu, shemeji, waniona. Lakini dada alinifundisha klachi ndani ya gari hili, pale uwanjani Kinondo, nikawa nazima injini mpaka nikalia mbele ya wenzangu. Wewe ulikuwa umekaa kushoto, wasahihisha mitihani. Hujapata kulitia gia hata siku moja. Kinango hakuna lami ya kuogopa. Mashindano ni Jumamosi ijayo, nami nataka jina lake liandikwe mlangoni.

— Liandike bila kuchoma.

— Bila kuchoma halimalizi mzunguko mmoja.

— Litatafutwa difu jingine, Mombasa.

— Na hilo jingine, shemeji, halitakuwa lake.

Nikanyanyua kikombe changu, nikanywa. Bandari, ambaye hawezi kuvumilia kimya, alijongea mbele ya benchi.

— Basi sheria ifuatwe. Kilowati una msumeno. Likate hapa, baina ya milango. Mwalimu achukue mbele, Swabir achukue nyuma.

— Injini iko mbele, alisema Niko Njiani. Swabir aende Kinango na buti?

— Buti la nini? Atafugia kuku. Damu nzito kuliko maji.

— Na mafuta ya difu?

— Hayo mazito kuliko vyote.

— Mzee, wewe unaharibu ndai ya watu. Sikizeni mimi. Tunatoa ile propela shafti. Siku za Mwalimu linavutwa na mbele. Siku za Swabir tunairudisha shafti, tunatoa za mbele, linasukumwa na nyuma. Zamu, kama mtu mwenye wake wawili.

— Na Ijumaa?

— Ijumaa linapumzika. Ni gari la Kiislamu.

— Na siku za mvua?

— Siku za mvua wanaliendesha wote wawili, magurudumu manne. Wanapatana kwa sababu ya matope.

— Haba na haba, alisema Bandari kwa kuridhika, hujaza kibaba.

Hata Swabir alitabasamu kidogo. Kilowati hakutabasamu. Alikuwa akipangusa mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

— Nyinyi chekeni. Mie nawaambia gari hili lina jambo. Juzi, kabla sijalipandisha matofali, nililisukuma nilitoe juani. Usukani nimeunyoosha kwa mkono wangu. Likaenda likajipinda, likasimama pale, pua mlangoni pa duka.

— Uchochoro una mteremko, nilisema.

— Mteremko huo mwaka jana ulikuwepo? aliuliza Bandari.

— Ulikuwepo.

— Haya! alisema, kana kwamba nimekiri.

— Gari humjua mwenyewe, Kilowati aliendelea. Asubuhi zote lilikuja hapa, jioni zote likaondoka hapa. Mie nataka kuchoma, na sitaki kuchoma. Naona nikilifunga hili difu, litasahau njia.

 Niko Njiani alizungusha kikombe chake kitupu. Simu yake ililia, akaiacha ilie.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja akisukuma wilbaro iliyokatika mguu, imeinama upande. Alitupigia hodi kama aingiaye nyumbani. Akasema anaitwa Jemima, kwao Kinango, amehamia mtaa wa pili, ameambiwa hapa pana fundi.

— Karibu, mama, alisema Kilowati. Ningoje kidogo. Nina kesi hapa.

Muuza kahawa akamtilia kikombe. Alikaa ukingoni mwa wilbaro yake, na Bandari akamsimulia habari yote: gari, difu, mirathi, Swabir, mashindano, mimi. Alianza na boksi la pedi za breki. Nilitambua kwamba tangu mazishi nilikuwa sijamsikia mtu yeyote akilisema jambo hilo hapa barazani tangu mwanzo, kwa sauti, huku ukuta wa duka uko mgongoni mwetu. Swabir aliinamisha kichwa.

— Poleni, alisema Jemima. Pole sana, baba. Nawe kijana, pole.

Akaliangalia gari kwa muda mrefu, kisha akaniangalia mimi.

— Huyu kijana atakwenda nalo Kinango, hilo nimesikia. Na wewe, baba, likibaki kwako, utakwenda nalo wapi?

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu amuulizavyo mwenzake njiani.

Nilitafuta jina la mahali. Shuleni sasa naenda kwa pikipiki ya jirani. Diani nilikuwa nikienda kwa sababu Hanifa alipenda kununua samaki kwa mtu mmoja pale, na Shimba Hills tulikwenda kwa sababu alitaka kusikia injini ikipanda mlima. Kazi yangu ni kufundisha watoto majina ya mahali, na sikupata hata moja. Bandari alifungua kinywa, nikajua anatafuta methali, akakifunga.  Muuza kahawa aliliinamisha dele, likatoa machicha ya kahawa tu, akayamwaga mchangani na kuanza kukusanya vikombe.

Kilowati akainuka, akaishika wilbaro ya Jemima, na jioni ile hakuchoma kingine.

Asubuhi ya pili nilipita bandani kabla ya kwenda shule. Swabir alikuwa pale tayari, juu ya tairi lake, nadhani hakulala. Bandari alikuwepo pia, nikafurahi, kwa sababu kupeana kunataka shahidi.

— Nusu yangu nimekupa, nilimwambia Swabir. Mzee amesikia. Gari ni lako lote.

— Shemeji, mimi sikutaka—

— Najua. Jina lake uliandike kwa herufi za kusomeka.

Alinibusu mkono, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu siku ya harusi yetu.  Kilowati alilifungua difu, akaliosha kwa petroli mpaka chuma kikawa cheupe, maana mafuta yakibaki ndani mshono hupasuka. Akalipangusa, akaliweka juani likauke, kopo la petroli akalipeleka mbali. Kisha akalileta mezani.

— Mmoja anishikie kwa koleo, alisema. Meno yasicheze mpaka nitie ncha nne za kwanza za kuyashikiza.

Swabir aliinyoosha mikono yake. Akairudisha, akaifuta kwa shati lake, akaifuta tena.

Nikachukua koleo mimi. Kilowati alinivisha kinyago chake cha akiba, dunia ikawa nyeusi, nikamsikia akisema niseme nikichoka. Nikalibana difu kwa nguvu zangu zote, nikamwambia achome.