Kona Nilizomnyima Mwamvita

Haya, Marijani, acha kunipigapiga huo mto kama unatwanga, kaa chini. Na wewe Sikudhani, binti yangu, hayo machozi yaweke akiba, yatahitajika kesho au keshokutwa. Mie Tunu binti Mwinshehe nataka kusema, pumzi niliyo nayo ni haba, na nikisimama katikati msinijazie maneno, nitayapata mwenyewe.

Nyumba hii ya makuti hapa Temeke ni yenu nyote wawili, kaka asije akamtoa dada eti kwa kuwa dada kaolewa, maana huyo mume namjua na mama yake namjua zaidi, siku yoyote binti yangu atarudi hapa na mkeka wake kichwani. Kitanda cha besera achukue Marijani. Yule kuku mweupe msimchinje kwenye matanga, anataga. Shuka langu la kufuma, lile la miraba mia na ishirini, kila mraba na ua lake katikati, ni la Sikudhani, na hapo kwenye shuka ndipo lilipo jambo lenyewe, ndiyo maana nikamwita jirani yetu Mwamvita akae hapo miguuni pangu. Mwenzangu, usinitazame hivyo. Nakutaka radhi mbele ya wanangu, kwa sababu wewe ndiye utakayeniosha, nami siwezi kulazwa pale nimenyamaza, unanimwagia maji kwa huruma zako, na neno hili bado liko kifuani.

Mwaka ilipokwisha vita ya Hitla alihamia mtaani kwetu Benedicta, mke wa karani mmoja wa bara, mwanamke mpole, kasoro yake moja tu, hajui kusengenya. Masista walimfundisha kufuma kwa sindano ya kulabu, naye akanifundisha mie barazani kwake: unafuma vinyororo sita unaviunga viwe pete, pete unaijaza uzi, unazunguka ukitoa vijani vinane vya ua, halafu ndipo unautafuta mraba, na mraba ni kona. Kila kona sindano inaingia tundu moja mara mbili, mafungu mawili ya uzi na vinyororo vitatu katikati yake. Ukishapata kona nne, kitambaa kinalala mkekani kimetulia. Karani alipohamishwa Tabora, Benedicta akaniachia sindano mbili akaniambia, "Dada Tunu, wafundishe na wenzio."

Nikafundisha. Wa kwanza kuja alikuwa Mwamvita. Sasa kumbukeni, wanangu, wiki hiyohiyo marehemu baba yenu, Mungu amrehemu yeye na ulimi wake, alirudi kutoka kwenye karamu ya nyumba hiyo ya pili, kwa Mwamvita, akaketi hapo kwenye kigoda akasema, "Mchuzi wa papa wa Mwamvita umekolea." Akasema tena. Mie nimempikia mtu yule miaka kumi na sita, na neno aliloniambia juu ya chakula changu ni moja, "Chumvi." Basi Mwamvita kaja na uzi wake mpya, anacheka, vipuli vinameta, nikamfundisha pete, nikamfundisha ua, na tulipofika kwenye kona shetani akanikalia ulimini. Nikamwambia, "Hapo unazunguka tu, shoga, tundu moja fungu moja, mpaka mwisho."

Ikawa kila anachofuma kinajikunja kama kibakuli. Akikipiga pasi, kinainuka. Akakilowesha akakikandamiza kwa jiwe la kusagia usiku kucha, kuondoa jiwe, kinainuka. Akaja kuniuliza, nami bila haya nikamshika vidole nikavigeuzageuza, nikamwambia ana mkono wa moto, wengine ndivyo walivyoumbwa, uzi hauwataki. Kisha nikaenda bombani nikawaeleza na wengine, kwa kumhurumia.

Ngojeni nipumue.

Kilichofuata mnakijua. Mwamvita hakuvitupa vile vibakuli vyake vya uzi. Alivishonea ushanga pembezoni akavipeleka Uzunguni, na wale memsahibu wakaona wamepata vifuniko vya majagi ya maziwa, upepo hauvipeperushi, nzi haingii, wakavigombea. Mie na miraba yangu iliyolala nikabaki kufunika kitanda changu mwenyewe. Mwenzangu kaezeka bati. Mvua ikinyesha nasikia bati lile linavyonguruma, huku kwangu makuti yananidondoshea juu ya maua yangu, nami najua fika kwamba bati lile nimeliezeka mie.

Basi nimesema. Nipe radhi, Mwamvita, niende zangu.

Unasemaje? Niinueni kichwa nisikie. Anasema haitoi bure, kwanza nimwonyeshe kona. Loo! Mtu anakata roho, mwenzake kachomoa sindano kwenye kilemba! Lete mkono. Siyo hapo. Tundu hilohilo, rudi tena... vinyororo vitatu... ehe. Vidole vyangu havishiki, Sikudhani, mshikie mama yako Mwamvita uzi. Kona ya tatu. Usivute sana. Ya nne... funga. Uweke huo mraba hapa, juu ya blanketi, kifuani.

Tazameni, umelala. Sema basi, Mwamvita, usinitese.

Mmemsikia? Wanangu, mmemsikia? "Ndiyo hii uliyonificha miaka yote, Tunu? Hii hata glasi haifuniki!"

Acheni kucheka, nyie... mbavu zinaniuma. Lakini kasema "nimekusamehe," kasema huku anacheka, Mungu kasikia na nyie mashahidi. Sasa la mwisho, sauti inakwisha. Mnizike mapema, msimngoje mjomba wenu wa Bagamoyo, huyo hajawahi kukuta chakula cha moto popote. Marijani, dada yako... usimnunie. Mungu awape riziki, awape watoto wenye adabu kidogo, na akili ya kuomba radhi mkingali na nguvu ya kukimbia. Awape jirani... awape jirani kama huyu.

Mwamvita. Sogea. Maji yawe vuguvugu, shoga... unanisikia? Mie baridi... siiwezi.