Kilichomshinda Haugstad kwenye Shimo la Karibu

Kijiwe chenyewe hakina jiwe, ni benchi la mbao lililochoka chini ya yale maghorofa marefu ya mtaa wa Cedar, huku Minnesota, mbele ya duka la Badawy, na theluji ikishaondoka Badawy huweka jiko lake la gesi nje, akachemsha kahawa chungu yenye tangawizi, ndiyo maana wanamwita Birika. Pembeni yake hukaa Wanjohi, dereva wa teksi, jina lake Mita kwa sababu akishawashwa hazimiki mpaka afike, na Chacha, injinia wa madaraja kutoka Tarime, wanayemwita Profesa kwa dhihaka, naye dhihaka anaijua na jina analipenda hivyo hivyo. Jumapili ile ya Julai Avelina alishuka na lifti amembeba Elihuruma, mwanawe wa miezi miwili, na hakufuata kahawa, alikuwa anaikimbia nyumba: mume yuko kazini zamu mbili, mama yake yuko Moshi, kanyimwa viza, beseni liko juu ya meza ya jikoni, maji yanapoa, na yeye hathubutu. Mikono ilikuwa inamtetemeka kila akitaka kumwogesha mtoto. Kupika haitetemeki, kukata kitunguu haitetemeki, ni kumwogesha tu, basi siku hizi anampangusa kwa kitambaa, na mumewe akirudi anaambiwa mtoto kaoga.

— Shikamooni.

— Marahaba, Mama Eli. Kaa. Huyu Mita ametuziba masikio na abiria wake, alisema Profesa.

— Abiria gani! Haugstad! Lowell Haugstad! Nimem-pick leo Hopkins, kwa zile apartment za zamani, nikam-drop mahali pa gofu, anafunza wamama wazee kupiga mpira.

— Ndiye nani? akauliza Birika.

— Si alikuwa pro huyo! Mtoto wa wakulima wa hapa hapa Minnesota. Miaka ya sabini ameshinda mashindano matatu, picha yake iko kwa magazeti. Akipiga mpira, unaenda mpaka unasahau ulikuwa wa nani.

— Na umaarufu wote huo akaishia kufundisha wabibi?

— Mkono, bro. Mkono ulikataa. Mpira wa mbali alikuwa anapiga fiti kabisa. Sasa ule wa karibu, umelala kando ya shimo, hata huyu Eli angeusukuma na kidole, mkono unaanza kutetemeka. Akakosa leo, akakosa kesho, mwishowe akaacha gofu akaenda kuuza bima. Ameniambia mwenyewe, na anacheka.

Kikombe alichopewa Avelina na Birika kilisimama njiani.

— Mkono ulikuwa unatetemeka na kwenye kula?

— Wapi! Kula safi. Hata leo amefunga kamba za viatu kwa gari yangu ikitembea. Ni pale kwa shimo tu.

Avelina akakitua kikombe, maana hakujua kama kuna mtu mwingine duniani, tena mwanamume, tena Mzungu, ambaye mkono wake unachagua.

— Hiyo ni fizikia, alisema Profesa. — Mpira wa mbali una upepo, unabebwa. Wa karibu ni wako peke yako. Wahenga walishasema, mkono mtupu haulambwi.

— Inaingilia wapi hapo? akauliza Mita.

— Gofu wanavaa glavu mkono mmoja. Ule mwingine je? Mtupu!

— Kijicho, alisema Birika. — Mtu ashinda mara tatu mbele ya kadamnasi, na hapana hata mmoja aliyesema mashallah! Maelfu ya macho juu ya mkono mmoja. Hata ungekuwa wa chuma ungetetemeka.

— Zii. Ni baridi. Baridi ya utotoni ilijificha kwa mfupa, ikangoja siku ya fainali. Gari yangu ilikataa ku-start mwezi wa sita kwa sababu ya Januari!

— Basi niwaambie tena, alisema Birika, lile shimo lina mwenyewe, jini. Wewe ungekuwa unakaa chini huko, kila siku watu wakutupia mipira kichwani, ungenyamaza?

Wakacheka mpaka Eli akaanza kulia, Birika akampokea, akampa Profesa, Profesa akamrusharusha magotini huku anaeleza habari za upepo, na mtoto akatulia.

— Alipona? aliuliza Avelina.

— Nani?

— Huyo mzee. Mkono ulipona?

— Sijamuuliza. Tulikuwa tumefika.

— Ungemuuliza, kaka Mita, ungemuuliza tu, maana mimi nikitaka kumwogesha mtoto mikono inanitetemeka, kupika haitetemeki, kitu kingine chochote haitetemeki, ni hapo tu, naona ataniteleza, naona naona, na maji yako juu yanapoa, na mama hayupo, na sijui inapona au haiponi!

Profesa akakohoa.

— Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.

— Anayevuliwa nguo ni mtoto, Profesa, alisema Mita. — Wacha.

Hapo Umi akatoka dukani, dada yake Badawy, aliyeshuka kwenye ndege Alhamisi kutoka Mombasa na usingizi bado haujajua yuko nchi gani. Akajitupia leso mabegani, akauliza mwashindania nini, Mita akamweleza tangu mwanzo: shimo, mpira, mkono.

— Na watu walikuwa wakimwambiaje, yeye akipiga?

— Hawasemi kitu, Auntie. Kwa gofu watu wananyamaza. Kuna mtu ameshika kibao kabisa, kimeandikwa kimya.

— Wote hao waliojaa?

— Wote. Hata kukohoa ni makosa.

— Mtu mkono wamtetemeka, mwamuona, na nyote mwamnyamazia. Kwa nini?

Birika akatikisa birika, likajibu kwa machicha.

Avelina alijiona jikoni kwake: kila siku kabla ya kugusa beseni anafunga dirisha, anazima redio, anafunga mlango kwa komeo ili majirani wasimsikie mtoto akilia, halafu anabaki yeye, maji, na friji inayonguruma. Kibao alikuwa amekishika mwenyewe. Na kwao, mtoto wa dada yake alipokuwa anaogeshwa, bibi anaimba, jirani anampigia bibi kelele, mwingine anakicheka kichwa cha mtoto, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutetemeka.

— Kahawa imekwisha, alisema Birika.

— Basi twendeni juu, alisema Avelina haraka, kabla woga haujamuwahi. — Nitachemsha maji mengine. Ila mje na ubishi wenu.

Wakapanda. Wanaume wakabaki koridoni, mlango wazi, Umi akaketi kiti cha jikoni bila kugusa kitu.

— Ati, hiki ni kichwa au ni dafu? alisema Umi.

— Baridi ilikaa kwa mfupa, nawaambia!

— Glavu! Glavu moja!

Avelina akapitisha kiganja chini ya shingo ya mwanawe. Kilitetemeka, kidogo.

— Profesa, hata mimi sina glavu! akapaza sauti, na koridoni wakaangua kicheko, na alipotazama chini Eli alikuwa na povu mpaka masikioni, anapiga maji mateke.

— Kaka Mita!

— Sema, Mama Eli!

— Ukimbeba tena yule mzee, mlete benchini. Aje na fimbo na mpira wake. Mwambie hapa kwetu hanyamaziwi mtu.