Maneno Matano kwenye Jiwe la Himbi: Risala ya Wanafunzi kwa Mama Profesa Léonie Buhendwa

Mgeni rasmi, Mama Profesa Léonie Buhendwa, Mwenyekiti wa Baraza la chuo kikuu chetu hapa Goma. Wakuu wa fakulte. Papa na mama mliotoka Mabanga, Himbi na Kibumba: karibuni sana.

KARIBU NYUMBANI

Mama Profesa, ulisoma hapa chuo kikiwa na vyumba vinne na fakulte mbili. Leo ukipita barazani utamsikia mmoja akibishana juu ya ugonjwa wa viazi, mwingine juu ya sheria ya ardhi, wa tatu akiimba nyimbo za harusi alizorekodi Masisi, na watu wa kemia wakimpigia kelele anyamaze. Meza tunagombania, lakini tunacheka pamoja.

TUNALOJIVUNIA

Tunayo mengi, ila tumechagua moja. Mwenzetu Nishimwe Harelimana, binti wa mkulima wa Kibumba, anasoma jiolojia. Kwa memware yake, yaani tasnifu ya kumaliza masomo, alichagua mazuku, ile hewa ya kuua inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni, haina rangi wala harufu. Miezi miwili alipima bonde moja la ufukweni mwa ziwa, chini ya mtaa wa Himbi, akachora ramani, akasimamisha kibao cha onyo kwa Kifaransa. Wiki iliyofuata alikuta akina mama wafuaji wa nguo wameanika mashuka juu yake.

Alirudi amenuna. Mezani, Prodige wa Idara ya Lugha alimcheka mpaka akapaliwa na maharage. "Kibao yako inazungumuza na nani?" akamwuliza. Nishimwe alikasirika, lakini kesho yake walishuka wote wawili, wakamkuta mama Mukamugema, mfuaji wa miaka mingi.

"Mutoto yangu, sisi mazuku tunaijua," mama alisema. "Ulikuwa unapima saa ngapi?"

"Saa sita ya muchana, mama."

"Saa sita upepo inaifukuza. Kuya asubui sana, mbele ya jua kutoka."

Nishimwe akaelewa. Ramani aliyoionea fahari ilikuwa na kosa, na mwalimu wake alikwisha kuisifu. Angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Alirudi alfajiri, kamba kiunoni, sisi wenzake tukiishikilia kutoka juu, na chombo kikaonyesha kuwa hewa ile inafurika hadi kwenye njia ya kuteremkia majini.

Alichora upya. Wa tiba walieleza jinsi mtu anavyozimia. Wa sheria waliandika barua kwa mkuu wa mtaa. Prodige na mama Mukamugema walibishana mchana kutwa juu ya maneno, kisha yakaandikwa kwenye jiwe kubwa pembeni mwa njia, kwa rangi nyekundu: "Asubui usipite hapa. Mazuku iko."

Wiki tatu baadaye mama Kanyere, mjamzito, alishuka mapema na beseni lake. Alisoma, akasimama. Hatua chache mbele yake mbuzi wawili walikuwa wamelala, wamekufa. Aliacha beseni, akapanda kilima mbio.

Nishimwe alipopata habari aliketi chini akalia, kisha akacheka, kisha akampigia simu baba yake Kibumba. Yule mzee alimwuliza jambo moja tu: "Na huyo mama, iko muzima?"

SHIDA ZETU

Chombo cha kupimia ni kimoja. Jiolojia na kemia wanapokezana. Idara ya Lugha haina chumba, inasomea kwenye ngazi. Na tumesikia kwamba Baraza linafikiria kuifunga, kwa kuwa ina wanafunzi saba tu.

OMBI

Mama, ramani ya Nishimwe sasa ni sahihi. Lakini mama Kanyere hajawahi kuiona. Kilichomsimamisha ni maneno matano. Tunakuomba Idara ya Lugha ibaki. Tunaomba pia kila memware iwe na kurasa mbili za Kiswahili, zisomwe mbele ya watu kama mama Mukamugema, waliotufundisha tuliyoandika.

Mama Kanyere yuko pale mlangoni na binti yake wa wiki tano, Munezero. Anaomba umpakate kidogo kabla hujaondoka. Mungu akulinde njiani, akuzidishie afya, na akurudishe kwetu ukiwa na furaha. Tulikuwa na ukurasa mmoja zaidi, lakini mtoto ameanza kulia, na tunaona umekwisha kunyoosha mikono.

Ni sisi,
Wanafunzi wa fakulte zote sita, Goma.
Imesomwa kwa niaba yao na Miriam Bahizire.