Swala Hajawahi Kwenda Dukani: Maisha ya Mzee Bartolomayo Ndahani (1938–1997)

Ndugu waombolezaji, mzee Bartolomayo Ndahani alizaliwa tarehe 12 Machi 1938 katika kijiji cha Mlali, Kongwa. Alikuwa mtoto wa pili, na jambo hilo hakulisamehe. Mpaka uzeeni alisimulia kwamba kaka yake alizaliwa mwaka wa maziwa tele, ila yeye akasubiriwa na ukame. Aliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu ni binti yake wa tatu, Edina. Mama amemwagiza aandike ukweli, kwa hiyo neno wivu litatajwa. Waliomjua marehemu hawatashangaa.

Alianza masomo mwaka 1947 katika shule ya misheni, kisha akaendelea na shule ya kati hadi 1955. Kila mwaka alikuwa wa pili, nyuma ya mwanafunzi mmoja aitwaye Octavian. Mwaka wa mwisho Octavian aliugua surua na marehemu akawa wa kwanza. Cheti hicho kiko ukutani sebuleni mpaka leo, na ole wake mgeni aliyethubutu kutaja surua.

Tarehe 18 Agosti 1962 alifunga ndoa na Paskazia, binti wa Pandambili. Mama alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza, na marehemu hakupenda namna walimu wa kwaya walivyomsogelea kumwonyesha noti. Basi naye akajiunga na kwaya, ingawa sauti hakujaliwa. Wakampa ngoma apige, na baada ya Pasaka mbili wakaichukua ngoma kwa adabu, lakini yeye akaendelea kuhudhuria mazoezi, amekaa benchi la nyuma na kofia yake. Mungu aliwajalia watoto watano.

Baada ya kusomea mifugo Mpwapwa, aliajiriwa Januari 1959. Kwa miaka thelathini na minne alizunguka Mlali, Pandambili na Kibaigwa kwa baiskeli, akiwa na sindano ya chuma na sufuria ya kuichemshia. Enzi hizo mbuzi hakuchomwa mpaka bwana mifugo afike, na yeye alipenda sana kusubiriwa. Mwaka 1984 kijiji kilimwajiri Msafiri Chidawali awe mchanjaji, na marehemu ndiye aliyemfundisha kushika sindano. Nyumbani jina likawa ni hilo tu: Msafiri ana akili, Msafiri ana mkono mzuri. Wanawe walichoka kulisikia.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, na Februari 1991 Msafiri akafungua duka lake la dawa za mifugo pale Kibaigwa, barabarani. Lilikuwa na bati jipya, redio, na benchi la wateja. Toka siku hiyo marehemu alipita upande wa pili wa barabara. Msafiri alivuka kila mara kumwamkia, “Shikamoo mwalimu,” naye akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye lile benchi, anahesabu waliokaa. Tusidanganyane, aliona gere mpaka chakula hakipiti.

Lakini alisema jambo, na alilisema kila mnada wa mifugo kwa miaka sita. Alisema ile dawa ya njano ya sindano, iliyouzwa zaidi dukani kwa Msafiri, ikichomwa ovyo, nusu leo na nusu wiki ijayo, vijidudu vitaizoea na siku moja haitafanya kazi kwa mnyama wala kwa mtu. Watu walimsikiliza kwa tabasamu. Mfugaji mmoja alimwambia wazi kwamba mwenye wivu ajinyonge.

Alistaafu mwaka 1993. Mwaka uliofuata tajiri mmoja alizungushia uzio eneo karibu na Pandambili akafuga swala wa nyama ya hotelini, akawa anawachanganyia unga wa dawa kwenye chakula kila siku ili wasiugue. Hata hivyo ndama wao wakaanza kuhara na kufa, na sindano hazikusaidia. Marehemu aliitwa. Alikusanya kinyesi cha swala wa ndani ya uzio, cha mbuzi wa jirani, na cha swala wa porini waliokuja kunywa lambo moja na mbuzi hao, akapeleka vyote maabara. Majibu yalikuja kwa barua ya tarehe 14 Juni 1995. Vijidudu ni vilevile kwa wote, na dawa tatu zinazotumika sana haziviui.

Siku hiyo alivaa suti. Alisimama mnadani akaisoma barua yote, kisha akauliza swala wa porini wamechomwa na nani, maana swala hajawahi kwenda dukani. Halafu mtu akasema mzee sasa amefika mahali pa kuokota mavi ya swala ili mradi amharibie Msafiri, na mnada mzima ukacheka. Marehemu alirudi nyumbani akaikunja suti. Alimwuliza mama kama kweli ni wivu tu unaomsukuma, na mama, ambaye hajui kudanganya, akamwambia hajui.

Oktoba mwaka huu alikuwa anapasua swala aliyekufa pale kwenye uzio, kisu kikamkata kidole gumba. Siku nne baadaye alishikwa na homa kali akalazwa Dodoma mjini. Daktari alisema vijidudu vimeingia kwenye damu. Dawa ya kwanza haikufanya kitu, wala ya pili. Mungu amsamehe, siku dawa ya pili iliposhindwa alionekana kuwa na furaha, akamtuma mama nyumbani kuleta barua. Daktari aliisoma akasema imebaki dawa moja, na hospitalini haipo.

Msafiri ndiye aliyeifuata Dar es Salaam, kwa lori la mahindi, akarudi nayo Alhamisi tarehe 6 Novemba. Kwanza marehemu alikataa kuchomwa. Alitaka Msafiri akiri mbele ya familia kwamba haukuwa wivu.

Msafiri alivua kofia. “Ulikuwa wivu, mwalimu,” alisema. “Na ulikuwa ukweli.”

Marehemu akatoa mkono achomwe. Akampa Msafiri na barua, akamwambia akaisome yeye mnadani. Jumamosi Msafiri alifunga duka, akasimama mnadani akaisoma, na akawaambia watu kwamba hatauza tena dawa ya njano bila cheti cha bwana mifugo.

Homa ilishuka siku mbili, lakini figo zilikuwa zimeshachoka. Jumapili alasiri Msafiri alikuja kutoa habari, na watoto wote watano wa marehemu walikuwa wamezunguka kitanda wakingoja neno lao. Marehemu aliuliza kama watu walicheka. Msafiri akamwambia hakucheka mtu. Walisikiliza mpaka mwisho, na wengine walimwomba arudie.

“Mimi miaka sita,” marehemu alisema. “Wewe asubuhi moja.”

Akageukia ukutani. Alifariki alfajiri ya Jumatatu, tarehe 10 Novemba 1997, na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Katekista alishauri iandikwe kwamba alifariki akisali. Mama amekataa, kwa sababu hakusali, alikuwa amenuna.

Marehemu ameacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na mmoja. Mama ameamuru jina la Msafiri Chidawali liandikwe pamoja na ya watoto wa marehemu. Limeandikwa, na Edina anakiri mbele yenu kwamba mkono ulimwia mzito, maana neno la mwisho la baba alipewa huyo.

Bwana ampumzishe mzee wetu kwa amani, na ampe mahali pa mbele.